Nyumba ya fito ya tajiri wa Cheshire

Kosa ni langu. Nimeishi Stoke-on-Trent, Uingereza, miaka sita, na kila tulipopita barabara ya A34 kuelekea Congleton nilikuwa nakiona kile kibao cha kahawia kilichoandikwa Little Moreton Hall, nakipuuza. Nilijua kilichoko huko, au nilidhani najua: jumba la mawe, bustani iliyonyolewa kama kichwa cha kuruta, na kamba nyekundu ya kukuzuia usiguse vikombe vya marehemu. Nimeshaingia mawili matatu ya namna hiyo. Ukishaona hayo umeona yote.

Jumamosi moja ya Oktoba shoga yangu wa Mombasa, ambaye ana gari na hana subira, akapiga honi nje. "Toka! Leo twenda kutizama hiyo nyumba yenu." Nyumba yetu! Nikavaa koti nikatoka.

Unaiona kabla hujafika, ng'ambo ya malisho, imesimama katikati ya handaki la maji. Shoga yangu alizima gari, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wallahi hii yataka kuanguka." Na kweli. Mstari ulionyooka haupo. Ghorofa ya kwanza imechomoza nje kuliko vyumba vya chini, ya juu yake imechomoza zaidi, kama kabati ambalo mtu kavuta droo akasahau kuzirudisha. Juu kabisa kuna safu ndefu ya madirisha inayopanda na kushuka kama jahazi kwenye mawimbi. Kuta zote ni miti myeusi na weupe katikati, miti imepangwa kwa mshazari, kwa misalaba, kwa maua ya petali nne. Nilicheka sana. Halafu tukavuka kidaraja, nikasogea karibu na ukuta wa lango, na kicheko kikaisha.

Ukuta ule ni wa fito na udongo.

Nieleze, maana waliokulia nyumba za tofali hawatanielewa. Likizo za utotoni nilikuwa napelekwa Pangani kwa bibi yangu mzaa baba. Nyumba yake ilikuwa ya miti: nguzo za mkoko zimesimamishwa, fito zimelazwa na kufungwa kwa kamba ndani na nje, halafu siku ya kukandika mtaa mzima unakuja. Wanaume wanachota udongo, sisi watoto tunaukanyaga kwa miguu na maji mpaka ushike, wanawake wanaupachika kwa viganja. Mmoja anakandika ndani, mwenzake nje, mnasukumiana udongo mpaka mikono inakutana kwenye matundu ya fito. Ukikauka unapigwa chokaa. Bibi alikuwa anaiita nyumba ya maskini, na mtoto wake wa kwanza alipopata kazi alimjengea ya tofali haraka sana, ile ya miti ikaachwa ijiangukie.

Sasa nimesimama mkoani Cheshire mbele ya jumba la mtu aliyekuwa na ekari 1,360, mashamba ya miti ya matunda, kinu cha kusagia nafaka na karakana ya kuyeyusha chuma yenye nyundo zinazopigwa kwa nguvu za maji. Mzee mmoja wa kujitolea pale langoni, mwenye beji na sweta la kufumwa kwa mkono, ananieleza jinsi kuta kama hizi zilivyojengwa. Mifupa ya nyumba ni mwaloni, ule mti wa Abrahamu kwenye Biblia. Kati ya nguzo na nguzo zinapachikwa fito, fito zinakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, juu yake chokaa. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeukanyaga udongo huo kwa miguu yangu. Hakujua aseme nini, maskini, akanionyesha njia ya kwenda uani.

Wenye nyumba ni ukoo wa Moreton. Walikuwa na ardhi sehemu hizi tangu karne ya 13, lakini utajiri uliwanenepea baada ya tauni ya 1348, watu walipokufa kwa wingi na mashamba yakapatikana kwa bei ya kutupa. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa, karibu miaka 200 baadaye, ardhi ikashuka tena sokoni, na wao wakanunua tena. Ukumbi mkubwa ulianza kujengwa kati ya 1504 na 1508 na William Moreton. Mwanawe, naye William, akaongeza. Mjukuu John akaongeza. Ilipofika 1610 hivi ndipo nyundo zikatulia. Ndiyo maana nyumba haina umbo la kueleweka. Imeota chumba kwa chumba, kama nyumba za kwetu zinavyoota kila kijana wa familia anapooa. Na lile handaki, mwenye kuogopa vita asilitegemee. Lilikuwa la kuonyesha majirani kwamba huyu anaweza kuchimba handaki. Pia vyoo vya ghorofani vilikuwa vinamwaga humo humo, kwa hiyo fahari hiyo ilikuwa na harufu yake.

Uani ndipo nilipompigia Baba.

Baba yangu ni fundi seremala, amestaafu, kama fundi anastaafu. Kwa saa za hapa ilikuwa saa nane mchana, kwa Tanga saa kumi, najua wakati huo amekaa barazani anangoja kahawa. Alipokea kwa video, uso umejaa kioo kizima, pua mbele.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona baridi imekushika hivyo?"

"Baba, nataka nikuonyeshe nyumba. Angalia."

Nikageuza kamera. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha nikasikia anamwita mdogo wangu amletee miwani.

"Rudi kwenye kona," akasema. "Hapo. Shuka. Simama. Hiyo nguzo imefanya tumbo, unaona? Hilo si la upepo wala la mchwa. Hilo ni la mzigo. Huko juu wameweka nini?"

"Madirisha, Baba. Chumba kirefu."

"Na paa?"

"Mawe."

"Mawe vipi? Vigae?"

"Mawe, Baba. Vipande vya mawe bapa."

Akafyonza. "Chumba hicho cha juu hakikuwemo kwenye hesabu. Nyumba ilikwisha, bosi akaja na la kwake."

Nikacheka, nikamwambia nitamuulizia. Tukapanda ngazi, shoga yangu akilalamika kila hatua kwamba sakafu inamvuta upande wa kushoto, na ilikuwa inamvuta kweli. Huko juu ndiko kwenye kile chumba kirefu, urefu wake mita 21 hivi, kimejengwa juu ya mgongo wa upande wa kusini. Kilikuwa cha kutembea na kucheza mvua inaponyesha, na mvua ya Cheshire naijua, walitembea sana. Nyuma ya mbao za ukutani zilikutwa mipira minne ya tenisi ya mwanzoni mwa karne ya 17. Watoto ni walewale popote.

Humo ndani alikuwepo mama wa kujitolea, nikamuuliza swali la Baba kama lilivyo. Akatabasamu. Ndiyo, akasema, chumba hiki kinaonekana kuwa wazo la baadaye. Miti ya chini ilishapimwa na kukatwa kubeba nyumba fupi zaidi, halafu ukapandishwa mzigo huu wote, na juu yake paa la mawe mazito. Ndio uliozipinda kuta za chini. Baba ameliona hilo kwa simu, kutoka barazani Tanga, kabla kahawa haijaja.

Kuna jambo jingine, na hili najua mwenyewe kwa kukulia karakanani. Mafundi wa zama hizo walikuwa wanachonga mwaloni ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa chuma, utamaliza patasi. Unachonga ulimi, unatoboa tundu lake, unaingiza, unapigilia kijiti cha mbao. Msumari hauhitajiki. Mti unakauka ukiwa tayari umo kwenye nyumba, unajinyonga taratibu, na kwa kujinyonga huko unazidi kung'ang'ania kiungo. Ndiyo maana nyumba imepinda hivi na haijaanguka. Ingekuwa ya tofali ingekuwa imepasuka zamani.

Kila mwisho wa chumba kile, juu kwenye pembetatu ya paa, kuna sanamu ya lipu. Upande mmoja mwanamke anayesimamia Majaaliwa na tufe lake. Maneno yaliyoandikwa pale yanasema mtawala wake ni maarifa. Upande wa pili mwanamke mwingine, Bahati, na gurudumu lake la kupandisha watu na kuwashusha. Mtawala wa hilo ni ujinga. Picha hizo zilinakiliwa kutoka kitabu cha elimu ya nyota cha Robert Recorde cha 1556. Huyu Recorde ndiye aliyetuletea alama ya sawasawa kwenye hesabu, vile vistari viwili, mwaka uliofuata wa 1557. Mwaka wa 1558 akafia gerezani. Gurudumu hilo hilo.

Na ukoo wa Moreton walilitundika ukutani wakiamini linawahusu wengine. Sisi tunasema aliye juu mngoje chini, na hawakungojewa sana. Vilipozuka vita kati ya Mfalme Charles I na Bunge, mwaka 1642, Moreton wa wakati huo, William vilevile, alisimama na mfalme. Upande wa Cheshire wenye nguvu walikuwa watu wa Bunge. Mwaka 1643 wakaichukua nyumba wakalaza askari humo. Familia ilirudishiwa baadaye, lakini mali ilishachanika. Vipande vya ardhi viliuzwa, na William alipokufa 1654 aliacha madeni ya pauni kati ya 3,000 na 4,000, pesa ya kutisha kwa siku hizo. Kufika mwisho wa miaka ya 1670 walikuwa hawaishi tena hapo. Wakakodisha kwa wakulima.

Hapa ndipo nataka mtu anisikilize, maana nimelifikiria sana tangu siku ile. Wenzao waliobaki na pesa, karne ya 18, wengi walibomoa nyumba za miti wakajenga za tofali na mawe, zenye nguzo za Kigiriki mlangoni. Miti na udongo ilikuwa imeshakuwa aibu, kama ilivyomwia bibi yangu aibu. Akina Moreton hawakuwa na uwezo wa kuona aibu. Nyumba ikakaa ilivyo kwa sababu mwenyewe hana hela ya kuibomoa. Kuku wakapita ukumbini, kanisa dogo la ndani likageuzwa stoo ya makaa ya mawe, na karne mbili zikapita hivyo. Leo watu wanalipa kiingilio kuja kuutazama umaskini huo.

Mwaka 1892 ikarithiwa na Elizabeth Moreton, mtawa wa Kianglikana. Yeye akalitoa kanisa kwenye makaa, akalirudishia heshima yake, na huenda ndiye aliyepitisha vyuma vya kushikilia kile chumba cha juu. Alipofariki 1912 akaiacha kwa binamu yake, Charles Abraham, askofu wa Derby, kwa sharti kwamba isiuzwe kamwe. Askofu akaanza kuwaruhusu watu kuingia kwa peni sita. Waliokuwa wanakusanya hizo peni na kuwatembeza wageni ni familia iliyokuwa imepanga shamba hilo tangu 1841. Mwaka 1938 askofu na mwanawe wakaikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majumba na ardhi kwa niaba ya umma, na ndilo lililonayo mpaka leo.

Vikombe, kwa taarifa yenu, hamna. Vyombo karibu vyote vimepotea. Zimebaki samani tatu tu za wenyewe, na mojawapo ni meza kubwa ya mviringo iliyoorodheshwa kwenye hesabu ya mali ya 1599. Nyingine ni kabati la visanduku visanduku, wanadhani ni la viungo. Nilisimama pale nikifikiria iliki. Vyumba vingine ni vitupu, unasikia visigino vyako tu. Kwenye chumba kimoja, mwaka 1976, nyuma ya mbao za karne ya 18, ilikutwa michoro ya rangi ya kisa cha Susana na wazee, yule wa kwenye kitabu cha Danieli, imekaa gizani miaka yote. Na ndani ya kuta vimekutwa viatu vikuukuu vilivyofichwa makusudi, kwa imani kwamba kiatu kinazuia pepo asipite. Shoga yangu aliposikia hivyo akainua nyusi. "Hawa watu hutucheka na hirizi zetu," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu.

Jambo jingine lililonishangaza: ule weusi na weupe si wa asili. Kupaka miti nyeusi ni mtindo wa zama za Malkia Victoria. Hapo mwanzo mwaloni uliachwa mtupu, ukageuka rangi ya fedha kwa jua na mvua, na udongo katikati ulipakwa rangi ya manjano iliyoiva. Nyumba ilikuwa na rangi ya ndizi na majivu. Mti mzuri haupakwi rangi, Baba amesema hivyo maisha yangu yote, hasa akipita karibu na fanicha za wenzake.

Nimeliacha dirisha mpaka sasa kwa sababu ndilo lililonirudisha uani mara ya pili, shoga yangu akiwa ameshakimbilia chai.

Uani kuna madirisha mawili makubwa yaliyochomoza kama vibanda vya vioo, ghorofa mbili kila kimoja, yamekaribiana hata mapaa yake yanataka kubusiana. Nyumba nzima ina vipande 30,000 vya vioo vidogo, vimeshikwa na madini ya risasi, na kwenye haya mawili vimepangwa kwa nakshi tofauti tofauti. Kioo siku hizo kilikuwa ghali. Juu yake, kwenye mbao, kuna maandishi ya kuchonga. Yanasema Mungu ni yote katika vitu vyote, na kwamba madirisha haya yalifanywa na William Moreton mwaka wa Bwana wetu 1559. Mwaka huo, shoga yangu alikumbusha baadaye, Fort Jesus ilikuwa haijawekwa hata jiwe la kwanza.

Halafu kuna mstari mwingine. Rycharde Dale Carpeder, ndivyo ulivyoandikwa, alifanya madirisha haya kwa neema ya Mungu. Carpeder ni seremala; herufi zimemponyoka.

Nilisoma mara tatu. Bosi anasema dirisha kafanya yeye. Fundi, kwenye dirisha hilo hilo, anasema kafanya yeye. Miaka zaidi ya 450 wanabishana ukutani. Na wale wapangaji waliokuwa wakikusanya peni sita za askofu, waliolima hapo mpaka 1945 na kuilinda nyumba mpaka 1955, nao jina lao lilikuwa Dale. Siwaungi undugu, nataja jina tu.

Usiku, baada ya kuvua viatu, nikampigia tena Baba. Kwake ilikuwa saa nne na kitu, alishalala, lakini nikimwambia ni habari za ile nyumba huamka. Nikamwambia alipatia kuhusu chumba cha juu. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu walikitegemeza kwa nini, nikamwambia vyuma, akaguna. Kisha nikamsomea yale maandishi mawili, la bosi na la fundi, nikamtafsiria.

Akanyamaza.

"Alichonga mwenyewe? Kwenye mbao ya dirisha?"

"Ndiyo Baba."

"Na tajiri akamwachia?"

"Ndiyo hivyo, liko mpaka leo."

Nilimsikia anajigeuza kitandani, kitanda cha mninga alichokitengeneza mwenyewe mwaka nilioanza shule, hakina hata herufi moja.

"Hebu niambie," akasema. "Huyo Dale, hela yake alimaliziwa?"